Ukianza Kuona Shaka: Mwongozo kwa Mkristo Asiyejua Aanzie Wapi

Nafundisha somo la Biblia kwa vijana kanisani, na kuna maswali ambayo nimeshaacha kuyashangaa. Yanakuja usiku kwa simu, yakianza na "Shikamoo mwalimu, samahani kwa usumbufu, naomba hili libaki kati yetu." Halafu: nikiomba nahisi naongea na dari. Nimesikiliza mhadhara mmoja mtandaoni, sasa Biblia siielewi tena. Mama alitabiriwa atapona, tumemzika. Je, niendelee kuimba kwaya au ni unafiki? Je, nimeshafanya ile dhambi isiyosameheka?

Kujibu kipande kipande kunachosha, kwa hiyo nimeyapanga hapa. Siahidi kwamba ukifika hatua ya mwisho shaka itakuwa imekwisha. Kwa wengine huisha, wengine huishi nayo miaka na bado wanasali. Ninachotaka ni usifanye uamuzi mkubwa ukiwa umevurugwa, na ujue hasa unachokitilia shaka ni kipi. Wengi wanaoniambia "simwamini Mungu tena", tukikaa nusu saa inaonekana wasiyemwamini ni mtu fulani aliyesema kwa niaba ya Mungu.

Lile la dhambi isiyosameheka tulimalize hapa hapa. Soma Marko 3:22-30. Yesu alikuwa anawajibu waandishi walioona watu wakifunguliwa, wakasema anatumia nguvu za mkuu wa pepo. Hakuwa anamsema mtu anayekosa usingizi kwa hofu kwamba amemkosea Mungu. Halafu fungua Mathayo 28:17, mlimani, Yesu amefufuka na amesimama mbele yao: "Nao walipomwona, walimsujudia, lakini baadhi yao waliona shaka." Wale wenye shaka hawakuambiwa wabaki nyuma. Agizo la kwenda kwa mataifa yote walipewa pamoja na wenzao.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Daftari na kalamu. Simu haifai kwa kazi hii, maana ukiifungua utaishia kwenye video nyingine.

Biblia ya karatasi, ikiwezekana mbili: Union Version uliyoizoea na Habari Njema, kwa sababu mstari ulioukariri tangu utotoni wakati mwingine unausikia upya ukiusoma kwa maneno mengine.

Mtu mmoja wa kuongea naye. Kama hayupo, usijali, hatua ya 6 inamtafuta.

Muda. Jipe miezi mitatu. Shaka iliyojengeka tangu kidato cha pili haimalizwi kwenye mkesha wa Ijumaa.

Hatua

1. Lala na ule kwanza

Sitanii. Eliya, siku chache tu baada ya moto kushuka Karmeli, alikaa chini ya mretemu akaomba afe (1 Wafalme 19). Malaika hakumletea hoja. Alimwamsha ale mkate uliookwa juu ya makaa na kunywa maji, akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili. Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye, Horebu.

Basi jiulize: umefiwa hivi karibuni? Umejifungua? Unafanya kazi za usiku? Unasubiri matokeo? Umekuwa kwenye mfungo mrefu? Kama jibu ni ndiyo, andika hilo kwenye ukurasa wa kwanza, kisha upe mwili wiki mbili za kula na kulala kabla ya kuamua lolote kuhusu mbingu na nchi.

Angalizo: kama umepoteza hamu ya kila kitu kwa wiki kadhaa, hulali, huli, au unawaza kujidhuru, nenda hospitali leo na umwambie mtu wa nyumbani. Sonona ni ugonjwa na ina matibabu. Anayekuambia ni roho ya mashaka tu na kwamba dawa zitakupunguzia imani, usimsikilize.

2. Usitangaze, usihame, usivunje kitu

Usiandike kwenye status. Usijitoe kwenye kundi la vijana kwa ujumbe mrefu wa saa saba usiku. Usivunje uchumba. Usiache kazi ya kanisa kwa hasira, wala usikimbilie kanisa lingine ukafikiri shaka itabaki kwenye kiti ulichokuwa umekalia. Utakayoyasema wiki hii yatakumbukwa na mashangazi zako kwa miaka kumi, hata kama wewe mwenyewe umeshayapita.

Usidanganye pia. Ukiombwa kuongoza maombi na huwezi, sema: "Leo naomba mwingine aongoze, sijisikii vizuri." Hilo ni kweli, na linatosha.

3. Iandike shaka kwa sentensi moja moja

Hapa ndipo kazi ilipo. "Siamini Biblia" ni rundo, halijibiki. Livunje. Mstari mmoja, jambo moja, na kila mstari utaje nani, lini, au wapi.

Msichana mmoja wa kwaya aliniambia kwa miezi kwamba "imani imepoa". Siku moja nilimwomba aandike badala ya kunieleza. Karatasi haikuwepo, akageuza bahasha ya sadaka ya ahadi, akaandika nyuma yake kwa kalamu nyekundu iliyokuwa inakwama: "Mtumishi alisema dada angepona kama sisi nyumbani tungeamini. Dada amekufa. Basi ama Mungu ni mwongo, ama mimi ndiye niliyemuua." Akaisukuma ile bahasha upande wangu wa meza, akaangalia mlangoni.

Imani yake haikuwa imepoa. Alikuwa amebeba mashtaka. Kama tungeendelea na "omba zaidi, soma neno zaidi", tungekuwa tunamwongezea mzigo.

Andika yote, hata yanayokutia aibu. Hata yale ya kitoto. Hata "nimechoka kukatazwa kila kitu", kwa sababu, tuseme ukweli, zipo shaka zinazoanza siku mtu anapopata mpenzi ambaye hataki aulizwe habari zake. Si zote, ila zipo, na daftari lako halimwambii mtu.

4. Zipange kwa mafungu

Mbele ya kila mstari weka herufi moja. A ni ahadi: uliambiwa jambo litatokea, halikutokea. W ni watu: ulichoona au kufanyiwa na watu wa kanisa. K ni kichwa: maswali ya hoja na historia. U ni ukimya: unaomba, hakuna kitu.

Mstari mmoja unaweza kupata herufi mbili. Ukimaliza, hesabu. Wengi huja wakidhani wana K tupu, kumbe A na W zimejaa ukurasa. Angalizo: usijibu shaka ya fungu moja kwa dawa ya fungu lingine. Mtu aliyeumizwa na mzee wa kanisa hasaidiwi na ushahidi wa kaburi wazi, na mwenye swali la nakala za kale hasaidiwi na kukumbatiwa.

5. Shughulikia fungu moja kwa wakati

Anza na A, kwa sababu ndilo linalochoma. Kwa kila ahadi uliyoandika, jibu maswali matatu: nani alisema? Kwa maneno gani hasa? Imeandikwa wapi, na sura nzima inasemaje?

Utakuta mara nyingi kwamba Mungu anadaiwa deni ambalo hakulikopa. "Panda mbegu ya laki moja, utapata gari kabla ya Desemba" haipo popote. "Mwenye imani hafi kwa ugonjwa" nayo ukiitafuta utaikosa, ila utakutana na mengine: Paulo aliomba mara tatu mwiba utoke, haukutoka (2 Wakorintho 12:7-9). Timotheo alishauriwa atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yanayompata mara kwa mara (1 Timotheo 5:23). Na Paulo huyo huyo, ambaye leso zake ziliponya watu Efeso, anaandika: "Trofimo nalimwacha huko Mileto, hawezi." Hakuna anayesema Trofimo alikosa imani. Alikuwa mgonjwa, akaachwa apumzike, safari ikaendelea.

Kumbukumbu la Torati 18:22 inatoa kipimo kisicho na huruma: nabii akinena kwa jina la Bwana na neno lisitukie, hilo silo alilolinena Bwana. Kwa hiyo unabii ulioshindwa ni shaka dhidi ya nabii. Iandike hivyo. Futa jina la Mungu kwenye mstari huo, weka jina la aliyesema, na uone mstari unasomekaje.

Kipo pia kinachobaki baada ya kufuta. Uliomba mwenyewe, bila nabii, mtoto akafa. Hapo sina maelezo ya kukupa, na nakusihi umkwepe aliye nayo mengi. Marafiki wa Ayubu walikuwa na maelezo sura baada ya sura, na mwisho wa kitabu Mungu akawakasirikia wao, akasema Ayubu, aliyelalamika muda wote, ndiye aliyenena sawa.

Angalizo kubwa: usijaribu imani kwa kuacha dawa. Mwaka 2011, wakati maelfu walipopanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500 kilichosemwa kinaponya, wapo waliokuwa kwenye dawa za VVU (ARV) wakaziacha. Kama unatumia za kisukari, presha au VVU, endelea nazo wakati unaomba. Wala usimwekee Mungu mtego wa "kama upo, nipigiwe simu ya kazi kabla ya Ijumaa." Simu isipopigwa utakuwa umejiongezea mstari kwenye daftari. Ikipigwa, wiki ijayo utataka nyingine. Gideoni mwenyewe aliitandaza ile ngozi usiku wa pili.

W ni fupi kueleza na ndefu kuishi. Kama ulichofanyiwa ni jinai, yaani kuguswa, kubakwa, kuibiwa, kupigwa, hilo linaenda polisi au ustawi wa jamii, na hupaswi kulisamehe kimyakimya ili jina la kanisa lisichafuke. Kama ni unafiki wa kawaida, majungu ya kwaya, hesabu za ujenzi zisizosomwa, una haki ya kukasirika na una haki ya kuuliza kwenye mkutano wa washarika.

Na kama kilichokutikisa ni mambo makubwa ya nje, mtikisiko huo ni wa haki. Moshi, Februari 2020, watu 20 walikufa wakikanyagana kuyawahi mafuta ya upako. Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, mwaka 2023, msituni ilifukuliwa miili zaidi ya 400, ya watu walioaminishwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Anayesikia hayo asishtuke ndiye mwenye tatizo. Ila angalia kitu kimoja: pale Shakahola swali lilizimwa. Wewe unauliza. Waberoya walisifiwa kwa kuyachunguza maandiko waone kama Paulo anasema kweli (Matendo 17:11), na Paulo hakununa.

K inahitaji nidhamu. Chukua maswali matatu tu, yale mazito, mengine yaache. Kwa kila moja soma sura nzima, si mstari uliorushwa kwenye video. Kisha tafuta jibu bora la upande wa kanisa na hoja bora ya upande wa pili, uandike zote mbili kwa maneno yako. Ukishindwa kuandika hoja ya mpinzani kwa namna ambayo yeye mwenyewe angeikubali, bado hujaielewa.

Matatu yanayorudi zaidi ninayapitia kwa kasi. La kwanza, "Yesu ana koo mbili, Mathayo 1 na Luka 3." Ni kweli zinatofautiana: moja inapita kwa Sulemani, nyingine kwa Nathani, wote wana wa Daudi. Mwandishi Mkristo Julius Africanus alikuwa tayari analiandikia maelezo katika karne ya 3. Unaweza usiridhike na maelezo yake, lakini usidhani kanisa limefichuliwa wiki jana na mtu mwenye kipaza sauti. La pili, "Biblia imeongezwa." Marko 16:9-20 kweli haimo katika nakala mbili kongwe za karne ya 4, na Biblia nyingi za sasa huiwekea mabano au maelezo chini ya ukurasa. Waliokuambia hilo wamelipata kwa wasomi wa Biblia wenyewe, waliolichapisha wazi. La tatu, "hii ni dini ya wazungu." Towashi Mkushi alibatizwa katika Matendo 8. Mfalme Ezana wa Aksum, katika Ethiopia ya leo, aliipokea imani karne ya 4. Augustino, mwalimu mkubwa wa kanisa la kale, alizaliwa mwaka 354 katika nchi ambayo leo ni Algeria. Mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, karne nyingi baadaye. Ndiyo, huku kwetu misheni nyingi ziliongozana na bendera ya mkoloni, na uchungu huo ni halali, ila ni swali la historia ya kwetu, halijibu kama Yesu alifufuka au hakufufuka.

U tutalishika kwenye hatua ya 7.

6. Tafuta mtu mmoja

Mmoja, si kundi. Anaweza kuwa mchungaji, padre, mtawa, katekista, mzee wa kanisa, au bibi yako ambaye amezika watoto na bado anaamka alfajiri kusali. Mpime kwanza kwa swali dogo. Mwulize: "Hivi wewe umewahi kuona shaka?" Akijibu "Hapana, shindwa!" mshukuru, uondoke. Akinyamaza kidogo kabla ya kujibu, huyo anafaa.

Ukienda, sema unachotaka tangu mwanzo, maana viongozi wetu wamezoea kwamba kila anayekuja anataka kuwekewa mikono:

"Shikamoo mchungaji."
"Marahaba mwanangu, karibu."
"Asante. Nina jambo la imani linanisumbua, nimeliandika. Naomba leo unisikilize kwanza, maombi tutafanya mwishoni."

Mpe daftari asome mwenyewe ukiona koo linakukaba.

Kipimo cha msikilizaji ni Mathayo 11. Yohana Mbatizaji, gerezani, alituma watu kuuliza: "Wewe ndiwe yule ajaye, au tumtazamie mwingine?" Huyo ndiye aliyembatiza Yesu! Yesu hakumkemea. Aliwatuma warudi wamweleze waliyoyaona na kuyasikia, kisha akawageukia makutano akamsifu Yohana. Msikilizaji wako akifanya kinyume, yaani akikukemea mbele yako na kukusema ukishatoka, mtafute mwingine.

7. Shika kidogo ambacho hutakiacha

Usijaribu kuomba saa nzima wakati maneno hayapo. Chagua kitu kidogo kiasi kwamba hata siku mbaya unakiweza. Baba Yetu moja kabla ya kulala. Zaburi moja asubuhi kabla ya kugusa simu. Ibada ya Jumapili, hata ukikaa nyuma bila kuimba.

Kwa Zaburi, acha kwanza zile za shangwe. Nenda ya 13: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Nenda ya 88, ambayo inaanza gizani na kumalizika gizani, bila kibwagizo cha furaha, na bado iko kwenye Biblia kama sala. Ukikosa la kusema kabisa, tumia ya yule baba mwenye mtoto mgonjwa, Marko 9:24: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Yesu hakumwambia arudi akishaamini vizuri. Alimponya mtoto.

Ukimya wa Mungu si lazima uwe adhabu. Barua za Mama Teresa wa Kolkata zilipochapishwa mwaka 2007, watu walishangaa kusoma kwamba kwa miongo mingi hakuhisi chochote katika sala, huku akiamka kila siku kuwahudumia wanaokufa. Sisemi ufurahie ukavu. Nasema tu usiuchukue kama hati ya kufukuzwa.

8. Weka tarehe ya kurudi

Kwenye kalenda, miezi mitatu mbele, andika "daftari". Siku hiyo soma mistari yote upya na mtu wako. Iliyopata jibu ikate. Iliyobadilika iandike upya. Iliyobaki ibaki, na uamue mnaendelea vipi.

Ukikwama

Wazazi wamegundua na wanataka nikafanyiwe maombezi. Nenda, kama ni maombi tu. Ni upendo wao, na hayakudhuru. Kataa kama kuna kupigwa, kufungiwa, kufunga bila maji, au kulipia. Waombe mtu mzima mwingine wa ukoo, mjomba au shangazi wanayemheshimu, awaongeleshe. Waoneshe Yuda 22: "Wahurumieni wengine walio na shaka."

Wananitupia Yakobo 1:6, mwenye shaka ni kama wimbi la bahari. Waombe waanze mstari wa 5. Yakobo anamwita aliyepungukiwa na hekima aombe kwa Mungu "awapaye wote, kwa ukarimu, wala hakemei." Wanaokukemea wangeanzia hapo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya Jumapili. Unaweza kuendelea ukifundisha watoto unachokiamini bado, hata kama ni hadithi ya Msamaria Mwema peke yake. Ukiona kila Jumapili unasema usichokiamini, omba likizo ya miezi mitatu kwa sababu binafsi. Walimu hupumzika kila mwaka, haitashangaza mtu.

Mke au mume wangu hajui. Mwambie kabla hajasikia kwa mwingine, na uanze na yale ambayo hayajabadilika: "Nakupenda, watoto wataendelea kwenda kanisani, ila nina maswali haya." Wengi wanaogopa ndoa itavunjika kuliko wanavyoogopa habari za mbingu. Mtulize kwanza kwenye hilo.

Nisogelee meza ya Bwana? Kila kanisa lina utaratibu wake, muulize kiongozi wako. Ila kuona shaka si sawa na kudharau, na aliye na njaa hasubiri ashibe ndipo aende mezani.

Nimefanya yote, miezi mitatu imepita, bado siamini. Basi sema hivyo kwa mtu wako, bila kujitukana na bila kuwatukana wanaoamini. Jiongezee miezi mitatu kama una nguvu, ukishughulikia mstari mmoja tu, ule mzito kuliko yote. Kama huna nguvu, funga daftari uliweke mahali utakapolipata, endelea kuwasalimu watu wa kanisani kwako, na huyo mtu mmoja usimkatie simu.